Makabati Yaliyopimwa kwa Mkono wa Mlingoti

Kwa Wifi yangu Mkubwa,
Msimamizi wa ukoo.

YAH: OMBI LA KULETEWA MKE MWENZA, AWE MREFU

Wifi, shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na baridi hii haikusumbui. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Siku mliponichukua kwetu, wewe ndiye uliyesimama mbele ya wazee ukasema, “Huyu mdogo wetu akikushinda usihangaike naye, turudishie wenyewe tumnyooshe.” Miaka yote hii sijawaletea shauri. Leo nalileta, na kwa masikitiko nasema kwamba mume wangu hahitaji kunyooshwa, maana kunyooka kwake ndiko kulikoniponza.

Unajua kwamba tumetengeneza jiko upya. Rafu ya zamani ya misumari tuliing'oa, tukaita fundi seremala atupe makabati ya ukutani. Mimi nilichagua makabati ya chini, yenye droo, rangi ya siagi. Mdogo wako Mlingoti, kwa kuwa ni mpima viwanja, akasema ukuta nao ni kiwanja, na kiwanja hakiachwi wazi, kwa hiyo makabati yapande hadi darini. Chini akaacha nafasi ya mtungi wa gesi na ndoo tu, eti kabati la chini linaalika panya. Nikakubali, maana mgeni wa ujenzi ni mimi.

Kosa likatokea siku ya vipimo. Fundi aliomba mpikaji asimame ukutani anyooshe mkono, ili ajue rafu zikae wapi. Wakati huo huo jirani yetu Mama Pacha alibisha hodi, nikatoka kumsikiliza. Niliporudi nilimkuta Mlingoti ndiye kasimama ukutani, mkono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na fundi anachora mstari wa penseli juu ya vidole vyake. Nikasema, “Jamani, mpikaji ni mimi!” Fundi akajibu kwamba aliyesimama ni mwenye nyumba. Mlingoti naye akaniambia, “Tulia mke wangu, mambo ya vipimo niachie mimi.” Nikamwachia. Wifi, wewe unanifahamu: nikisimama kando yake kichwa changu kinaishia kwenye mfuko wa shati. Ninyi wa ukoo wenu mnachuma papai bila upondo.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuorodhesha madhara.

1. Chumvi yangu iko mbinguni. Sukari iko mbinguni, majani ya chai yako mbinguni, na mwiko wa ugali uko juu zaidi ya hapo. Nikisema viachwe mezani, Mlingoti akirudi anavipandisha kimoja kimoja, kwa sababu anataka meza yake mpya ionekane. Meza inaonekana kweli. Chakula ndicho hakionekani.

2. Nimelazimika kumwita kutoka ofisini. Bahati nzuri ofisi yao iko mtaa wa pili. Nampigia, anakuja na viatu vyake vya udongo, ananishushia sukari, anaondoka. Akifika kona nakumbuka majani ya chai. Juzi bosi wake alimuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani, akajibu kwamba hakuna mgonjwa ila kuna dharura ya hiliki. Sasa ofisi nzima inanipa pole.

3. Wizi. Mlingoti, kwa kuona aibu, alinunua kigoda cha kupandia. Hakikumaliza wiki, kikapotea. Akanunua cha pili, imara kuliko cha kwanza, nacho kikayeyuka. Wezi wa siku hizi hawana adabu, wifi. Wameruka televisheni, wameruka pasi, wamechukua kigoda. Mlingoti anamshuku Mama Pacha, na sasa wakikutana njiani wanasalimiana kwa nyusi.

4. Hili la nne ni zito, naomba ulisome umekaa. Kwa kuwa anaitwa mara kwa mara, Mlingoti ameona ni usumbufu kwenda na kurudi. Akitoka kazini anakuja moja kwa moja, anavuta kiti, anakaa jikoni kwangu. Mtu ambaye tangu tuoane alilijua jiko kwa harufu! Kwanza alikuwa anatazama. Kisha akawa anauliza kwa nini. Sasa anamenya vitunguu saumu. Kitunguu maji anakikata kwa vipimo, vipande vyote sawa, na katikati ya ubao anaacha njia kama ya gari kupita. Wenzake wa kijiwe cha drafti wamekuja hapa na ujumbe rasmi, wamesimama mlangoni wamevua kofia, wananiomba niwarudishie mchezaji. Nimewajibu kwamba suala liko mikononi mwa ukoo.

5. Anaongea. Zamani habari za mume wangu nilizipata kwa Mama Pacha, mara mbili kwa wiki, zimetiwa chumvi ya kutosha. Sasa nazisikia kwake mwenyewe: bosi kasema nini, mzee gani kahamisha mpaka wa shamba usiku, na mengine mpaka wali unaungua. Tangu kitindamimba wetu aende shule ya bweni, nyumba hii ilikuwa kimya hata nikawa nasikia jokofu likipumua. Nililia wiki za mwanzo, sikufichi, halafu nikazoea. Mtu umeshauzoea ukimya wako, anakuja mtu kukuchekesha saa ya kuchagua mchele. Huo si uungwana.

Kwa hiyo, wifi, naleta ombi. Kwa kuwa makabati yamegongomelewa na hayashuki, naomba ukoo uniletee mke mwenza. Sura si hoja, umri si hoja, ila mkono wake ufike darini bila kuruka. Yeye atasimamia kanda ya juu, mimi kanda ya chini, na tutakutana kwenye sufuria. Jioni arudi kwao, maana usiku hatuna kabati la kufungua. Akikosekana, uje wewe mwenyewe na goti lako, kwani kazi ni ya mkono. Na hilo likishindikana, basi ukoo ukae kikao uone namna ya kumpunguza Mlingoti, yeye na mimi tulingane, ili siku nyingine apime kwa haki.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto na wajukuu, na mwambie mama mkwe kwamba vikombe vyake alivyotuzawadia viko salama, tunavitazama kwa mbali. Nasubiri jibu kwa shingo iliyochoka kutazama juu.

Ni mimi mtiifu wako,
mpaka pale mkono wangu unapokomea,
Wifi yako Mfupi.

Baada ya kusaini: Kabla sijafunga bahasha, fundi seremala amepita. Amesikia kilio changu kwa Mama Pacha, kaja na bisibisi yake, anasema kuyashusha makabati yote ni kazi ya asubuhi moja na wala hataki malipo. Nimemwambia rangi ya ukuta haijakauka, arudi mwakani.

Yule mke mwenza usimlete. Kigoda nacho usininunulie. Viko vyote viwili chini ya kitanda, nyuma ya sanduku langu la kanga, mahali ambapo mtu mrefu hainami. Akikupigia simu kukuuliza, mwambie ni wezi. Mama Pacha nitamwomba radhi mwenyewe.

Naishia hapa, namsikia anavua viatu mlangoni. Nimemwita anishushie chumvi, na moto wenyewe bado sijawasha.