Chumba Changu cha Chini Hakivuji

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mtaa mzima wa Kihesa wanaisimulia vibaya hii habari yangu. Wanasema nimeamka nikakuta ndala zangu zinaogelea chumba cha chini. Uongo mtupu! Ndala iliyoogelea ni moja. Nyingine nilikuwa nimeivaa. Ndiyo maana naandika mwenyewe, kwenye hii shajara niliyopewa bure duka la vifaa vya ujenzi. Niliingia kuuliza bei ya saruji, nikaogopa, nikatoka na shajara.

Habari yenyewe hii. Nyumba yangu iko kwenye mteremko. Kwa mbele ni ghorofa, kwa nyuma siyo, maana nusu ya chini imeingia mlimani. Chumba hicho cha chini nilikichimba mwenyewe kwa sululu, mwaka mzima, mlima unaniomba basi inatosha. Kiangazi ni kikavu kama biskuti. Mvua zikianza, ukuta wa nyuma unatoa jasho, halafu machozi, halafu maji kabisa.

Sasa Saida, mke wangu, kaleta jambo. Jumamosi shoga yake Minza anashusha magunia arobaini ya mpunga kutoka Madibira, yakae kwetu mpaka Machi bei ipande. Mpunga hautaki unyevu. Kwa hiyo kasema, mkono hata haukuacha kuchambua mboga: Baba Asmaa, chumba cha chini kikiwa kikavu Jumamosi, mpunga utakaa chini. Kikiwa na maji, mpunga utakaa chumbani kwako, wewe ushuke.

Chumbani kwangu nalala peke yangu. Yeye alishahamia chumba cha binti yetu Asmaa, aliyeolewa Mbeya, kwa sababu ya kukoroma kwangu, kukoroma ambako hakupo.

Nikamuuliza, na kitanda? Kitanda cha mninga! Kasema kitanda kibaki hapohapo, magunia yapangwe juu yake yasiguse sakafu.

Nina miaka sabini na mbili. Goti la kushoto halipandi ngazi mpaka libembelezwe. Nimechoka na kazi yenyewe sijaianza.

Jumanne, 14 Januari

Kaja Lutengano, fundi wa Mbeya aliyeoa hapa Kihesa. Shikamoo yake nzuri, ya kuinama. Halafu akaanza kuniharibia siku. Kapapasa ukuta, kaunusa, katoka nje kauangalia mlima kama anaudai.

Kasema njia ziko tatu. Ya kwanza, plasta yenye dawa ya kuzuia maji, unapiga kwa ndani. Ya haraka, ila maji yanabaki nyuma ya ukuta yanasukuma, siku moja plasta yote iko sakafuni. Ya pili, kuufukua ukuta kwa nje mpaka msingi, kuupaka lami. Nzuri sana, ila hiyo ni kazi ya kiangazi, siyo na mvua hizi. Ya tatu, mfereji kwa nje, upande wa mlimani, uende chini kuliko sakafu. Ndani bomba la plastiki lenye matundu, juu kokoto. Maji ya mlima yanadakwa kabla hayajagusa ukuta, yanaenda zake barabarani. Kwa nyumba hii, mzee, kasema, ya tatu.

Nikamwambia asante, mimi nimechagua ya nne. Kauliza ya nne ipi. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi.

Ya nne nilikuwa bado siijui.

Jioni nimeijua. Oili chafu! Nguzo za uzio tunazipaka oili chafu, mchwa hawali, maji hayaingii. Na ukuta ni nini? Nguzo iliyonenepa. Nimepata galoni zima kwa fundi magari, nimepaka mpaka dari. Bega limekufa. Ila chumba kinang'aa.

Jumatano, 15 Januari

Maji yametoka vilevile. Tofauti ni kwamba sasa ni meusi. Nimempa Saida habari njema, kwamba angalau leo tunayaona yanapopita. Hajacheka. Kasema nyumba inanuka gereji, chai inanuka gereji, na mume ananuka gereji.

Saa nne kashuka Liberatus. Huyu ndiye jirani yangu wa juu mlimani, mwenye shamba la mianzi ya ulanzi, pombe ya huku kwetu, na mdomo. Chumba changu anakiita handaki. Tumesalimiana kamwene, kamwene, halafu kauliza vita inaanza lini. Nikamwambia ikianza asije kuomba kujificha kwangu. Kasema hawezi kuja, hajui kuogelea.

Kanikera! Hapohapo nimeenda kununua nailoni nyeusi, ile nzito ya kufunikia matofali. Nimeipigilia ukuta mzima, chini nimeikunja nikaibana kwa mawe. Na ukuta umekauka papo hapo! Ukishika, vumbi. Nimemwita Liberatus aje ashike. Kashika. Kasema hongera, jirani.

Hakuongeza neno. Liberatus asipoongeza neno, ujue kuna jambo.

Alhamisi, 16 Januari

Nailoni imeshika mimba. Asubuhi tumbo lilikuwa la mwezi wa tatu, saa sita mchana mwezi wa nane. Maji yanatoka ukutani kama kawaida yake, yanakosa pa kwenda, yanajazana nyuma ya nailoni. Saida kasimama mlangoni, kauliza amwite mkunga au nitazalisha mwenyewe. Nikamwambia mambo haya yanataka utaratibu tu. Nikalisogelea tumbo, nikalisukuma kwa kiganja, polepole, lirudi ndani.

Misumari ilitoka yote pamoja.

Kihesa watakwambia nilipiga kelele. Sikupiga kelele. Nilimtaja Mungu kwa sauti.

Nimekaa kando ya jiko la mkaa mpaka alasiri, meno yanagongana, suruali inafuka mvuke. Nilivyochoka, mkaa unaniona. Zimebaki siku mbili. Goti linasema mpigie Lutengano. Mdomo unakataa.

Goti limeshinda. Nimempigia. Nikamwambia nimefikiria sana na nimegundua kitu kinaitwa mfereji. Kasema wazo zuri sana, mzee.

Ijumaa, 17 Januari

Kafika alfajiri na mabwana wawili, wamechimba mfereji mzuri nyuma ya nyumba, una mteremko mpaka barabarani. Saa tatu kaondoka, ana msingi wa nyumba ya watu Nyololo, anarudi Jumapili. Kaniachia maagizo: leo mvua haijaanza, nunua bomba, litie, mwaga kokoto, basi.

Bomba la plastiki? Mimi? Watu hawanijui. Mimi nilifanya kazi kwenye mradi wa mabomba ya mianzi, enzi zile maji yanapelekwa vijijini kwa mianzi. Siyo kibarua. Mkubwa! Wataalamu walikuwa hawagusi mwanzi mpaka mimi nitikise kichwa.

Nimepanda kwa Liberatus kumwomba mianzi mikavu. Kanipa sita, minene kama paja, na kunishushia kanishushia yeye. Kauliza tu, vifundo nitatoboa kwa kutumia nini. Nikamwambia anyamaze, nimeanza kushika mianzi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kasema haya, mkuu wa mradi.

Nikaipanga sita yote kichwa kwa mkia, maungio nikayafunga kwa mpira wa tairi. Juu nikatoboa matundu kwa msumari wa moto ili maji yaingie. Kokoto juu. Nikaenda Ijumaa natembea kifua mbele. Msikitini nimewaeleza watu watatu. Mmoja hakuwa ameuliza.

Saa tisa mvua. Na siyo mvua ya kuchezea! Nikashusha kiti chumba cha chini, nikakaa kuangalia ukuta unavyobaki mkavu.

Dakika kumi, mkavu. Nikamwita Saida. Alipofika mlangoni ukuta ukafunguka. Siyo jasho, siyo machozi. Maji yanaruka kutoka kwenye maungio ya matofali kama bomba la mtaani! Yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakapanda. Nikatoka nje kuangalia. Mfereji umejaa pomoni, maji ya mlima mzima yamesimama yameegemea nyumba yangu, na huko barabarani, kwenye mdomo wa mwanzi, halitoki hata tone.

Liberatus yuko juu na mwavuli. Kapiga kelele kwamba mwanzi kila kwenye kifundo una kiwambo ndani, na usipokitoboa maji hayapiti. Kasema hujalaza bomba, jirani, umezika magogo. Umejenga bwawa.

Nikamjibu najua. Nikamwambia hii ni hatua ya kwanza.

Jumamosi, 18 Januari

Minza kafika saa mbili na Fuso. Mama wa Kisukuma, baba yake alihamia Usangu na ng'ombe, yeye akageukia mpunga. Shikamoo shemeji, goti mpaka chini. Halafu kashuka ngazi kukagua ghala. Kasimama mlangoni kayaangalia maji, yametulia, yanang'aa, na oili juu yake ina rangi zote. Kasema shemeji, kule Madibira watu wanagombania jaruba kama hili. Kwa nini tuupandishe mpunga juu? Tuupande humuhumu.

Saida kacheka mpaka kakaa kwenye ngazi. Hajacheka hivyo tangu mwaka ule nilipojaribu kufuga nyuki. Nilimuangalia, nikasahau kidogo kukasirika. Halafu nikakumbuka.

Wapagazi wakapandisha magunia. Gunia la kwanza, kitanda changu kikalia. La tano, kikazoea. La kumi, ungedhani hawajawahi kuachana. Arobaini yote yameingia, na mlango wa chumba changu Saida kaufunga kwa kufuli. Panya, kasema. Lakini wakati anafunga alikuwa ananiangalia mimi.

Na mimi huku chini nimepanga matofali, juu ya matofali mlango wa zamani, juu ya mlango godoro. Maji yananizunguka pande nne. Minza kaniachia gunia tupu nifunike miguu. Kasema asante kwa kuupokea mpunga wangu, shemeji. Mama ana adabu, sikatai.

Jumapili, 19 Januari

Lutengano karudi. Kafukua mwanzi wa kwanza, kachungulia ndani. Kaniangalia. Kachungulia tena. Kauliza kwa heshima zote, mzee, hivi vifundo tuliviacha kwa sababu gani?

Nikamwambia nilitaka kwanza kupima nguvu ya ukuta.

Kaleta nondo ndefu na nyundo, kafungua maungio, katoboa mmoja mmoja. Tak, kifundo. Tak, kifundo. Saa nzima. Wa mwisho ulipofunguka maji yalichoropoka kwenda barabarani kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Alasiri sakafu ikaonekana, na ndala yangu iko pale katikati, imekaa.

Kasema mianzi itatusogeza mpaka kiangazi, halafu tuweke bomba la plastiki na lami. Nikamwambia tutaona, wataalamu tutakaa.

Jumapili, 26 Januari

Wiki nzima ukuta haujatoa tone, na mvua imenyesha siku tano! Chumba kikavu. Kwenye kahawa nimewaeleza jinsi nilivyolijaza bwawa makusudi, kupima. Kuna mzee mmoja alikuwa anakaribia kuamini. Liberatus akafika.

Nikamwambia Saida sasa mpunga ushuke, mimi nipande. Kasema hapana haraka, unyevu unajua kujificha. Lazima chumba kipimwe kwanza, na kipimo kipo tayari, ni wewe. Ukiamka mkavu kila siku mpaka Machi, mpunga utashuka. Nikamwambia lakini Machi ndiyo unauzwa. Kasema kumbe unaelewa, Baba Asmaa.

Basi nipo. Mgongo umechoka, goti limechoka, hata mto umechoka. Juu yangu, darini, mpunga wa watu umelala kwenye mninga.

Kitu kimoja kinaniuma. Yale maji yanayotoka kwenye mwanzi ni safi kabisa, yanapotea barabarani kutwa kucha, na mimi nabebeshwa ndoo kutoka bombani. Hilo hata Lutengano hakuliwaza. Dawa yake ni gunzi la hindi. Unaziba mdomo wa mwanzi, kidogo tu, maji yanajikusanya ndani, ukitaka unachomoa unachota. Akili ya kawaida!

Na kwa kuwa hii shajara haisomi mtu, niseme. Ule mradi wa mianzi sikuwa mkubwa. Sikuwa hata kibarua. Nilikuwa nauza viazi vya kuchemsha pale getini, na ndani ya mwanzi sikuwahi kuchungulia mpaka Jumapili iliyopita. Hilo moja tu ndilo nimeongeza. Mengine yote ni kweli tupu, na hili la gunzi pia, nimeshalichomeka tangu asubuhi. Soksi zangu naona zimeanza kulowa kidogo, ila hilo ni jasho.