Wazee Kumi na Wawili, Goti Moja

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu ametumbukiza fomu ya mzee fundi viatu kwenye beseni la nepi, sasa hivi, huku akinichekea kwa meno yake manne. Wino wote umekwenda na maji. Na ndiyo fomu pekee niliyoijaza kwa haki! Nilipewa wazee kumi na wawili; sasa sina hata mmoja. Mtafiti, yule bwana wa uchumi aliyenipa kibarua, anazitaka kesho. Anataka kujua wazee wa mtaa wanatunzwa na nani, na moshi wa jalala unawadhuru kiasi gani. Yakionekana madhara, baraza la mji litahamisha jalala na kuleta muuguzi wa nyumba kwa nyumba. Lihame hata leo! Kifua cha mwanangu kinalia kama filimbi.
Lakini mama mkwe si mzee? Yupo hapa hapa, anachambua mboga.

Jumanne, 5 Machi
Nimeuliza mara moja, nimeandika mara kumi na mbili. Hapa nabadili umri, pale wajukuu. Fomu zimekwenda. Safi kabisa!
Kurudi nikamkuta mkunga mstaafu, aliyenizalisha, kigodani mlangoni kwake, kavaa gauni la kutokea. Akauliza zamu yake ya maswali lini, maana nilimwambia ajiandae. Nikasema kesho, bibi. Akakohoa mpaka akashika ukuta. Nikaongeza mwendo.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Mtafiti kapiga simu. Hajapata kuona mtaa kama huu: wazee wote wanaumwa goti la kushoto, wote mkwe wao anazidisha chumvi, na hakuna hata mmoja anayekohoa. Kwa hiyo moshi hauna neno, jalala libaki.
Libaki! Ni mama mkwe huyo na kiburi chake. Nilipomuuliza alisema kikohozi ni cha watu legelege. Na chumvi niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mara kumi na mbili!
Mtafiti akasema, dada, kama hukwenda, sema. Nikasema nilikwenda. (Mpaka jikoni.) Akasema nirudie wote, atazifuata fomu Jumamosi.

Ijumaa, 8 Machi
Kigoda kilekile. Gauni lilelile. Siku nne ananingoja! Nikakiri yote, uso chini. Mkunga akacheka, akakohoa, akasema hashangai: hata siku ya kuzaa nilimwomba anisukumie.
Kisha akajibu. Moshi unaingia alfajiri. Analala amekaa. Hana wa kumtekea maji. Niliandika mpaka machozi yakalowesha fomu. Nikamtekea ndoo mbili, nikaapa: nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango.

Jumamosi, 9 Machi
Kiapo ni kiapo. Ila jua ni kali, na mtoto hataki kushuka mgongoni. Halafu nimefikiri: kosa langu halikuwa kuuliza mzee mmoja. Kosa ni kuuliza mzee asiyekohoa! Kikohozi cha mkunga kinatosha mtaa mzima, na jalala litahama. Nimeshajaza saba. Wa nane nampa goti la kulia, Mtafiti asije akashuku. Mama mkwe ananiita, kuna bwana mlangoni ana begi la makaratasi, naye ameshaanza kumsimulia habari za goti lake la kushoto na ile chumvi ya