Nusu Yangu, Nusu ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu. Nimebadilisha neno la siri la akaunti ya shangazi, na hata mimi silijui lote.

Nilikuwa na sababu. Shangazi ni fundi cherehani. Sindano imemla vidole hadi simu haitambui alama zake, kwa hiyo tangu nimalize shule mambo yake ya benki kwenye simu nayashughulikia mimi. Leo benki imetuma ujumbe: neno la siri asilijue mtu yeyote ila mwenye akaunti. Nikawaza sana. Mimi ni mtu. Akaunti si yangu. Basi nikaandika nusu, nikampa bibi simu aandike nusu ya pili, nami nikageukia ukutani. Nikamwapisha asimwambie yeyote, hata malaika. Bibi akauliza kama malaika nao siku hizi wana benki.

Jumanne, 5 Machi

Mpango unakwenda vizuri. Shangazi alitaka kulipia vitambaa. Nikaandika nusu yangu, nikakimbilia jikoni, bibi akafuta mikono na kumalizia yake. Shangazi akauliza kwa nini benki yake inapitia jikoni. Nikasema ni usalama.

Binamu, mtoto wa shangazi, ananiita Meneja. Anaitaka kazi hii. Amemwambia mama yake kwamba mtu anayeogopa kuomba chumvi kwa jirani hawezi kulinda akaunti. Nitamwonyesha.

Jumatano, 6 Machi

Amepiga simu kijana mmoja, akasema ni wa benki. Sauti laini, ananiita dada. Akasema akaunti iko hatarini, nimtajie neno la siri ailinde. Nilijua natakiwa kukata simu. Lakini unamkatiaje mtu ambaye bado anaongea? Nilisubiri anyamaze. Hakunyamaza. Nikamtajia nusu yangu, ili tuagane kwa amani.

Akataka iliyobaki. Nikasema iko kwa bibi. Akasema mpe bibi.

Bibi akamsikiliza. Akamuuliza ni mtoto wa nani. Akamuuliza kama mama yake anajua kazi anayofanya, kama ameoa, na kama hajaoa, tatizo ni nini. Kijana akajitetea kwamba mjukuu wako mwenyewe ndiye amesema unitajie. Bibi akanigeukia, akauliza kama yangu nimeshampa. Kijana akakata simu mwenyewe.

Mpango wangu umeshinda. Nusu moja haifungui kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Shangazi amepata cherehani ya pili, nzuri, ya umeme. Muuzaji akasema anamsubiri hadi adhuhuri, maana kuna fundi mwingine anaizungukazunguka. Nikaandika nusu yangu, nikampelekea bibi simu.

Bibi akakataa. Akasema aliyegawa nusu yake kwa mgeni haaminiki na nusu ya mwenzake. Nikabembeleza. Akasema nilimwapisha mwenyewe, hata malaika, na mimi si malaika. Shangazi akamsihi, Mama, ni akaunti yangu. Bibi akasema huenda, lakini kiapo si chako.

Binamu akaegemea mlango, akasema pole na kazi, Meneja. Hapo nikaamua kubahatisha. Nikajaribu jina la marehemu babu. Nikajaribu jina la paka. Nikajaribu jina la babu na paka pamoja. Akaunti ikafungwa.

Tukaenda benki. Dada wa dirishani akauliza kama kuna mtu tuliyemtajia neno la siri. Nikanong'ona: nusu. Akaomba nirudie kwa sauti. Foleni nzima ikasikia. Akamwambia shangazi achague jipya mwenyewe, asimtajie yeyote, na benki haipigi simu kuliuliza. Shangazi akaandika taratibu kwa vidole vyake vilivyochomwa na sindano. Mimi nikatazama dari.

Tulipofika kwa muuzaji, ile nzuri ilikuwa inapakiwa garini na fundi mwingine. Tukachukua iliyobaki. Inapiga kelele kama inagombana na mtu, na hurudi nyuma bila kuombwa. Shangazi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba kuanzia leo simu itakaa mfukoni mwake, na mimi nitatoboa matundu ya vifungo.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetoboa matundu wiki nzima, na shangazi amenilipa. Nimefungua akaunti yangu mwenyewe. Binamu anauliza nitaweka nini humo, vifungo? Acha acheke.

Nimekaa nikapima kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Kosa lilikuwa ile nusu yangu. Nisingeijua, kijana yule angepata nini?

Safari hii bibi ameandika neno lote. Mimi sijui hata herufi moja. Ameapa hatamtajia mtu, na mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wasioambiwa. Pesa yangu ya kwanza iko salama kabisa.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba, shangazi asijue. Na bibi akikuuliza kama nimemwambia mtu, hujaniona.