Hoja Saba za Kumrudisha Kaka

Jumatatu, 4 Agosti

Zimebaki siku sita. Jumapili binti wa Kaka anapata kipaimara, na Kaka hajakanyaga kanisani tangu tumzike Shemeji, mkewe. Mwaka mzima na wiki mbili! Binti hataki gauni wala viatu vipya. Anataka baba yake aingie naye, wakae pamoja. Basi.

Hakuna aliyenituma. Lakini mzee wa kanisa ni nani kama si mimi? Na mdogo wake wa tumbo moja ni nani? Tena tuna karakana moja ya useremala, aliyotuachia Baba. Meza yake iko dirishani, yangu mlangoni. Kutwa nzima tunatazamana. Pa kunikimbilia hana.

Nimejiandaa wiki tatu. Nimesoma mpaka macho yakawasha. Nina hoja saba za imani, kila moja kwenye kipande cha boksi la skrubu, na namba juu. Leo nimeanza na Hoja ya Kwanza. Kiti hakijitengenezi, kina fundi, basi na dunia ina Fundi wake. Kwa seremala, hoja tamu kuliko hiyo utaitoa wapi?

Kaka hakuinua macho. Kasema nani kaniambia yeye anasema Mungu hayupo? Yupo, anamjua vizuri tu. Amemnunia.

Amekubali! Hoja ya Kwanza imepita siku ya kwanza. Nimeweka alama ya vema.

Saa kumi akaja Mwinjilisti. Huyu ndiye anayelipwa na usharika kurudisha kondoo waliopotea. Unajua anafanyaje? Anakaa juu ya rundo la mbao, anachukua msasa, anasugua mguu wa meza wa Kaka saa nzima. Leo kasema maneno matano, matatu kati ya hayo yalihusu mvua. Kisha kaaga. Nimempa jina: Bwana Kimya. Nikamwambia mke wangu, kama hiyo ni kazi, basi na paka wetu ni mwinjilisti. Hakucheka.

Jumanne, 5 Agosti

Hoja ya Pili: dhamiri. Wema na ubaya tumevijuaje kama hakuna aliyevipanda ndani yetu? Nilikuwa nimemshikia Kaka ncha ya ubao akate. Bahati mbaya mimi siwezi kuongea bila mikono. Ubao ukayumba, msumeno ukala pembeni. Kaka akaniambia nikamtafutie chai.

Nilipokuwa natafuta chai, binti akanifuata jikoni kwao. Kaniamkia, akazungukazunguka, mwishowe akatoa la moyoni. Wenzake shuleni wanamcheka. Wanasema habari ya kufufuka ilitungwa tu, na yeye hana la kujibu, na Jumapili atakiri mbele ya watu jambo asilolijua vizuri. Ati Baba mdogo, je, kama kweli ilitungwa?

Hapo sikuhitaji hata kipande cha boksi. Nilimwambia, mtu anayetunga hadithi anataka iaminike. Zama zile ushahidi wa mwanamke haukuthaminiwa, na bado walioandika wakasema waliofika kaburini kwanza ni wanawake. Mtungaji gani anajiharibia hivyo? Na watu hudanganya ili wapate kitu. Hawa walipata fimbo na kufungwa, wala hawakubadili maneno. Nikamwambia pia ukweli: hiyo haimlazimishi mtu kuamini. Inaonyesha tu kwamba anayeamini si mjinga.

Kisha akasema, kumbe! Akatabasamu tabasamu la mama yake kabisa. Nikajifanya natafuta sukari.

Jumatano, 6 Agosti

Kichwa kimenivimba, na kina haki. Binti amewajibu wenzake! Kasema mmoja aliomba aelezwe tena. Amekuja mbio kuniambia, hata sare hajavua. Ati sasa Jumapili atasema nakiri bila miguu kutetemeka. Ameshukuru sana.

Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Baba yake nisimwambie mambo haya. Kwa nini? Kwa sababu yeye aliuliza. Baba hajauliza.

Mtoto ni mtoto. Dawa iliyomponya binti ishindwe kumponya baba?

Leo nimempa Kaka Hoja ya Tatu, ya Nne na ya Tano mfululizo, maana siku zinakwisha. Alipiga randa muda wote, na randa ina kelele. Kuna mbao tano nzuri ajabu anazishughulikia, nyekundu, laini kama mkono wa mtoto. Nimeuliza ni oda ya nani. Hakujibu. Jioni alizifunika shuka. Shuka! Mbao!

Bwana Kimya kaja tena, kasugua, kaondoka. Leo maneno manne.

Alhamisi, 7 Agosti



Asubuhi niliamka na wazo. Kaka masikio ameziba, lakini macho ya seremala hayapiti ubao bila kuukagua. Basi hoja zikae kwenye ubao! Nilifika karakana kabla yake. Nikafunua shuka. Nikachukua ile kalamu nene ya wino tunayoandikia maboksi, maana penseli angeifuta kwa kidole. Nikaandika zote saba, kwa mwandiko mzuri, upande uliokwisha pigwa randa, ndio unaosomeka. Nilikandamiza ili asiseme hakuona.

Hoja ya Sita niliipa ubao mzima. Sababu zinazoweza kumfanya Mungu amchukue Shemeji: (a), (b), (c), (d).

Kaka akaja. Akafunua shuka. Akasoma. Alisoma mpaka mwisho, ubao baada ya ubao, na mimi mlangoni nikihesabu pumzi zake. Alipofika ubao wa Hoja ya Sita, aliweka kiganja juu ya (b) kama anaufunika mdomo. Nikajua imemgusa.

Kisha akachukua randa.

Wino ule unazama. Akapiga, maneno yapo. Akapiga tena, yapo, yamefifia kidogo. Akabadilisha upande wa kuanzia, akapiga. Yapo. Saa sita mchana mbao zilikuwa nyembamba kama vibao vya kukatia vitunguu. Akaziegemeza ukutani, akavua aproni, akatoka. Mlango hakuubamiza. Heri angeubamiza.

Bwana Kimya alifika saa kumi, akaziona, akakaa chini. Halafu akaongea, tena sana. Mbao zile zinatoka kwenye mti ulioanguka nyumbani kwa wazazi wa Shemeji. Mti ni mmoja, mbao ni tano, hakuna nyingine. Kaka alikuwa anatengeneza benchi la kanisa, liwekwe pale Shemeji alipokuwa akikaa, safu ya tatu karibu na ukuta. Angelipeleka Jumamosi, na Jumapili angelikalia na binti yake. Alimwambia Mwinjilisti kwamba mtu aliyemnunia mwenyeji mwaka mzima harudi mikono mitupu.

Kwa hiyo angekuja. Alikuwa tayari njiani, bila hoja hata moja.

Nimekaa na kalamu hii hapa. Ni ileile.

Ijumaa, 8 Agosti

Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu wangu kafika kabla sijawa hata babu. Nilitoka nyumbani na nia moja tu, nimwombe Kaka radhi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi.

Nikamkuta anafagia maranda. Kila kipande kilichojikunja kina mwandiko wangu, kimoja kinasomeka "kwa hiyo". Badala ya radhi, nikajikuta namthibitishia kwamba nisingeweza kujua. Kwanza, aliulizwa oda ni ya nani, hakujibu. Pili, shuka si alama ya siri miongoni mwa maseremala. Tatu, nia ni jambo moja na matokeo ni jambo jingine.

Akaegemea ufagio. Akasema, basi Wakili, umeshinda. Zote saba umeshinda, yeye hana jibu hata la moja.

Wiki tatu nimeyatamani maneno hayo. Nimerudi nyumbani sikula. Mke wangu kauliza kama naumwa.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu wangu.

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea. Kanisa limejaa. Vijana kumi na tisa mbele, kila mmoja na mzazi pembeni, na binti yetu peke yake, amejinyoosha kama msumari. Mimi kwenye viti vya wazee, nina jasho. Katikati ya wimbo wa pili nikaona kivuli mlangoni. Viatu vya kahawia, vimepigwa rangi.

Kaka! Mikono mitupu, shati amepiga pasi mwenyewe, kola imejikunja. Amesimama hatua moja nje ya kizingiti. Binti alikuwa bado hajageuka. Kilichobaki ni hatua ile moja.

Bwana Kimya, aliyekuwa mbele yangu, aliona ninavyoinuka. Akanishika koti. Akanipa ishara ya mkono, kaa. Akatikisa kichwa. Niliona vizuri kabisa, siwezi kusema sikuona.

Nikatoka. Nilifikiri, mtu amesimama hapo anasita, na anayesita anahitaji kusukumwa kidogo tu. Nikamshika kiwiko, nikamnong'oneza Hoja ya Nane, niliyoitunga Jumamosi. Kwamba kule kuja kwake tu ni uthibitisho, kwamba moyo haumnunii mtu usiyempenda, na kwa hiyo, kimantiki, yeye hajawahi kuacha kuamini.

Na hoja ni ya kweli! Ndiyo inayonitesa.

Kaka aliisikiliza yote. Akakiondoa kiwiko chake taratibu, kama unavyoondoa msumari usiotaka kuukunja. Akasema alikuja kukaa na mtoto wake, hakuja kuthibitisha kitu. Halafu akageuka, akashuka ngazi.

Niliporudi ndani, Mchungaji alikuwa ameweka mikono juu ya kichwa cha binti. Binti aliposimama aligeuka kutazama mlangoni. Aliyekuwa amesimama mlangoni ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaka amehamisha meza yake. Sasa anafanya kazi ameelekea ukuta, amenipa mgongo. Hatujasemeshana. Binti alileta chakula cha baba yake, akaniamkia kwa adabu, hakusimama. Zamani angekaa juu ya meza yangu akining'iniza miguu.

Mchana Bwana Kimya kaja. Kasugua msasa na Kaka. Mabega yao yanakaribia kugusana. Nimewatazama mpaka gundi yangu ikakauka kwenye brashi.

Jioni nilimwuliza mke wangu anieleze nilipokosea, nikamwomba apange kwa hatua. Akaweka sufuria chini. Kasema Kaka alimwambia jambo tangu Pasaka, akamwomba asinifikishie. Kwamba mwaka mzima anangoja mdogo wake aje akae naye, wamlie Shemeji pamoja. Maana Shemeji alinilea hata mimi. Nilipokuwa najifunza kazi kwa Kaka, ni yeye aliyekuwa akiniwekea chakula, akinifulia, akinificha nikivunja patasi. Siku ya mazishi sikulia. Niligawa karatasi za ratiba.

Ni kweli. Niliogopa. Nilijua nikianza sitanyamaza, na mzee wa kanisa akilia watu watauliza imani yake iko wapi. Nikaenda kusoma hoja. Sasa naona hata Hoja ya Sita nilikuwa naitafuta kwa ajili yangu mwenyewe, na hata mimi haikunitosha.

Nilimpenda Shemeji. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote.

Mke wangu kasema niende kwa Kaka nikaseme pole. Neno moja. Nisiongeze la pili. Nikamwambia hilo sasa nimelielewa, na safari hii ni kutoka moyoni.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeanza jana asubuhi na sijatoka mezani isipokuwa kula. Kumbe pole si neno la kurushwa hivihivi! Mtu aliyeumizwa kiasi hiki anaweza kuikataa, na akiikataa nitakuwa nimepoteza kila kitu. Lazima iwe na msingi.

Ukurasa wa kwanza hadi wa tatu unaeleza pole ni nini, na kwa nini inadai kupokelewa. Wa nne na wa tano unathibitisha kwamba nililia, ingawa kwa ndani. Wa sita unajibu pingamizi tatu ambazo Kaka huenda akazitoa, nami nimezipanga (a), (b), (c). Wa saba na wa nane unahusu undugu kwa jumla. Nimeyaandika yote kwa karatasi, si kwa ubao, asije mtu akasema sijifunzi.

Neno lenyewe liko ukurasa wa tisa, chini kidogo ya katikati. Jumamosi namsomea. Mke wangu ameomba nimsomee yeye kwanza, na nilipofika ukurasa wa pili akainuka, akaenda kwa Kaka, akalia naye hadi jioni. Hoja zina nguvu jamani, maana hata wa saba hatukufika!