Mgonjwa Ambaye Bado Hajazaliwa

Kambi ya Wakata Miwa,
Kwale.

Kwa Daktari Jepkoech,
Kakamega.

Daktari mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nataka kukulaumu ukiwa na nguvu zako zote. Mimi ni Shitanda wa Iguhu, mume wa Zipporah. Mimba yake ilipokuwa ya miezi sita ulisema kilango kimoja cha moyo wa mtoto ni chembamba mno, na asipotibiwa mapema huenda asiishi. Ukamtibu humo humo tumboni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umevunja utaratibu. Mtu huzaliwa kwanza, akapewa jina, akanyolewa, ndipo aanze kuugua. Wewe umemtibu mtu ambaye hajafika. Mimi babake nilifika miaka thelathini na minne iliyopita na jino langu la nyuma bado linangoja.

2. Kwetu mimba haitangazwi, na nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajalia. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba Zipporah amenona kwa kula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, kila Jumapili. Wewe ukamwonyesha mwanangu kwenye runinga mbele ya watu saba! Mwanafunzi wako Mitchel akapiga kelele, "Mama, cheki, anatupungia mkono!" Amempungia Mitchel. Mimi hajanipungia hata siku moja.

3. Naambiwa ulipitisha sindano hadi moyoni, ukajaza puto dogo kama punje ya mchele, kilango kikafunguka. Daktari, puto ni la sherehe. Sherehe ilifanyika bila baba! Zipporah aliponipigia kusema, "Baba Nani, moyo unapiga vizuri," nilikuwa shambani na panga mkononi. Nilikata mistari minne ya miwa michanga, tena isiyo yetu, huku nikiimba. Nyapara wetu, Mzee Umar, akauliza, "Wewe Mluhya, umeingiwa na nini?" Nikamweleza. Akaketi chini, akacheka, kisha akakata mstari wa tano. Hasara hiyo yote naiweka juu yako.

4. Mtoto akizoea kutengenezwa kabla ya kuzaliwa, kesho atataka kusoma humo humo. Atatoka na cheti cha kidato cha nne anisahihishie barua hii, mimi niliyeachia darasa la sita. Akichelewa zaidi ataoa, nami nitakuwa babu kabla sijawa baba. Nyumba yangu ina chumba kimoja. Wakwe nitawaketisha wapi?

Kwa hivyo naomba uniandikie radhi, na umwamuru mwanangu asitoke mpaka Jumamosi nitakaposhuka basi. Nyote mmemwona. Mimi miezi mitatu nimelala mkono kifuani, nikisikiliza moyo wangu na kujifanya ni wake.

Nisalimie Mitchel, manesi, mfagiaji wa wodi, na anayeitunza ile mashine.

Wako mwenye kinyongo,
Shitanda.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeichana niongeze haya. Zipporah amejifungua leo asubuhi. Nimemsikia mtoto kwa simu: analia, anapumzika, analia tena kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mama anasema ana rangi nzuri na ananyonya. Wanasema bado utampima mara nyingi. Mpime hata kila siku. Malalamiko yote manne nimeyafuta. Mke wa ndugu yangu Osiako, anaitwa Rachael, ana mimba ya miezi mitano. Nimemwambia afike kwako Jumatatu. Haumwi popote. Mwangalie tu.