Ghorofa ya Futi Sita

Alhamisi, 7 Machi 1968

Baraza leo, Kebirigo. Kamati ya mashamba itafika kwetu mwisho wa mwezi. Mwenyekiti, Mzee Angwenyi, amesema wazi: pale ambapo mpaka haujulikani, kipande atapewa yule anayekitumia. Mtu akauliza kutumia ni kufanya nini. Mzee akasema ni kulima au kujenga nyumba ya kukaa watu. Banda la kuku halihesabiwi. Nyumba iwe na mahali pa kupika na mahali pa kulala.

Nilimtazama Ogari. Ogari alikuwa ananitazama.

Ogari ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na pia ni jirani, kwa bahati mbaya. Kati ya shamba lake na langu kuna kipande kinachoteremka kutoka barabarani hadi kijitoni. Upana wake futi sita. Baba zetu hawakukigawa kamwe. Walikuwa wakipitisha ng'ombe. Nikikipata, miche yangu ya chai itapata maji. Akikipata yeye, chai yake itatoka mtoni hadi barabarani, nami nitabaki na miche mikavu na kumsalimia kila asubuhi. Jioni hii nimemwona akikipima kwa hatua, mikono nyuma, kama anayetembea tu.

Kulima siwezi. Ni mteremko mtupu, mvua ingebeba kila kitu. Palipo tambarare ni mahali pamoja tu, padogo kama kitanda cha watu wawili. Jiko litaenea hapo. Au kitanda. Si vyote viwili.

Nilikuwa naosha miguu nilipoelewa. Jiko chini, kitanda juu!

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata fundi, Machogu. Kazi yake ni majeneza na mizinga ya nyuki. Mke wangu Gesare amesema huyo si fundi wa nyumba. Nimemweleza kwamba vitu virefu na vyembamba ndivyo anavyovijua zaidi. Aliendelea kuchambua mboga kwa nguvu zaidi kuliko mboga zinavyohitaji.

Machogu alisimama kwenye kiwanja, akatazama juu pale paa litakapokuwa, kisha akauliza, kwa heshima kabisa, ningependa ianguke upande gani.

Nimeudhika. Mimi si mgeni wa majengo marefu. Kabla ya uhuru nilitunza tangi la maji la mzungu mmoja kule Nyansiongo. Lilisimama juu ya miguu ya mbao, refu kuliko miti, na halikuanguka. Siri ni miguu. Ilikuwa imetanuliwa chini kama ya mtu anayesukuma lori. Juu pembamba, chini papana. Basi na msingi wangu utanuliwe.

Utanuliwe wapi? Futi sita ni futi sita.

Mbao tumetoa kwenye banda la ng'ombe. Ng'ombe amehamia kwenye ukumbi wa nyumba. Gesare haongei nami, ila kuhusu ng'ombe.

Tumechimba hadi kiunoni. Kesho ni Sabato, shimo limebaki wazi. Mawingu meusi. Sijatulia.

Jumamosi, 9 Machi

Sabato. Mvua ilianza wakati wa wimbo wa pili. Nimesikiliza mabati ya kanisa zaidi kuliko nilivyosikiliza mahubiri. Kila tone lilikuwa linaingia shimoni mwangu, nilijua.

Tulipotoka nikapita pale, si kufanya kazi, kutazama tu. Limejaa nusu. Ogari, ambaye ni Mkatoliki na Jumamosi yake ni siku kama nyingine, alikuwa ameegemea jembe upande wake wa ua. Akanipa pole. Akauliza kama ninafuga samaki.

Jumapili, 10 Machi

Leo wao ndio walioko misani. Ogari, mkewe na watoto wote, hadi Misa ya pili.

Nimetumia nafasi hiyo. Tumetoa maji kwa ndoo, halafu nikamwonyesha Machogu mpango. Msingi hautatanuka juu ya ardhi, ambako macho yapo. Utatanuka chini. Kutoka shimoni tunachimba kwa ubavu, tunapita chini ya ua, tunaingia chini ya migomba ya Ogari. Tunajaza mawe. Juu migomba inaendelea kuzaa, hakuna aliyekosewa. Kamati inapima ardhi, haipimi chini yake.

Machogu akasema hajawahi kuchimba hivyo, kaburi huenda chini moja kwa moja. Lakini alichimba. Udongo wa upande ule ni laini sana, mweusi. Miaka yote Ogari ametupa samadi hapo. Nilifurahi, kazi iliisha upesi.

Sasa ninafikiri: udongo laini ni rahisi kuchimba. Je, ni rahisi pia kwa mambo mengine? Nimejiambia nisifikiri.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbaya.

Mama Bitutu ameanguka shimoni. Ni mama yake Ogari, mjane wa baba yangu mkubwa, na kila asubuhi huteremka na mtungi kupitia kipande hiki kwenda mtoni. Wanawake wote wa upande huu hupita hapo. Niliweka matawi kuwaonyesha wazunguke. Yeye macho yake hayaoni matawi.

Nilipofika hapakuwa na sauti. Nikafikiria mazishi, nikafikiria Ogari, nikafikiria kwamba jeneza lingetengenezwa na Machogu, kwa mbao zangu. Kisha nikachungulia. Alikuwa ameketi juu ya mawe, mtungi mapajani, mzima, akitazama ndani ya lile tundu la ubavuni linaloingia chini ya migomba ya mwanawe.

Nikamwomba msamaha hadi nikakosa maneno. Akasema mguu hauumi. Akasema kuna ubaridi mzuri humo. Akauliza, "Abner mwanangu, hili linakwenda wapi?"

Nikamwambia linakwenda mbele kidogo.

Akanyoosha mkono nimvute. Nimembebea mtungi hadi mtoni na kurudi, na nimejisikia vibaya siku nzima. Leo jioni Ogari alinisalimia kama kawaida. Hajui. Au anajua na ananingoja. Kuku akilia tu nashtuka.

Jumatatu, 18 Machi

Imesimama!

Jiko chini, chumba juu, ngazi katikati, dirisha moja linalotazama migomba ya Ogari. Ukisimama barabarani unaiona kabla ya kuona kanisa. Watu wamekuja kutazama hadi kutoka Birongo. Mmoja akauliza nani amefariki. Mwingine akasema Machogu amesahau kuilaza. Wivu.

Gesare amekataa kupanda. Nikamwambia nyumba isiyolalwa si nyumba mbele ya kamati. Akasema kamati ikalale. Basi ninalala peke yangu.

Nimeweka kikombe cha maji juu ya sanduku, nijue kama sakafu iko sawa. Asubuhi maji yalikuwa sawa. Kisha nikapiga chafya, nayo yakamwagika. Nimeanza kujizuia kupiga chafya.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua ya mawe mchana huu. Mawe kama mayai ya njiwa, na upepo. Nilikuwa juu. Nilishikilia kitanda, na kitanda kikanishikilia mimi. Nyumba ilitoa sauti kama mtu mzee anayeinuka kitini.

Mawe yalipokoma nikashuka, nikafunga jiwe kwenye uzi na kuuning'iniza kutoka paani ili nione. Uzi hauko karibu na ukuta. Uzi uko mbali sana na ukuta. Ghorofa imeinama upande wa Ogari, na upande wa Ogari, mara baada ya migomba, ndiko iliko nyumba ndogo ya nyasi anayolala Mama Bitutu.

Nikawa natafuta la kusema. Ogari hakungoja niseme. Alikata mikaratusi miwili ya kwake, akaja na wanawe, wakaegemeza nguzo kwenye ukuta wangu wakazikaza kwa mawe. Mvua bado ilikuwa inanyesha. Hakunitukana hata kidogo, jambo lililonitia hofu zaidi. Alipomaliza alisema, "Mama hataki kuhama. Basi hii isianguke."

Nimekaa jikoni. Nilitaka kumwambia kila kitu. Ningeanzia wapi? Halafu nikaona jambo. Ogari mwenyewe ameitia nguzo nyumba yangu. Mtu hatii nguzo nyumba asiyoitambua. Mbele ya kamati huo ni ushahidi!

Jumatano, 27 Machi

Kamati imekuja.

Wazee watatu, na kijana wa serikali mwenye mnyororo wa kupimia. Nusu ya kijiji nyuma yao. Nimemlazimisha Gesare awashe moto jikoni. Amewasha moshi. Mzee Angwenyi akatazama, akakubali kwamba hapo panapikwa. Akauliza pa kulala ni wapi. Nikaonyesha juu. Nikaomba wapande mmoja mmoja, na wakifika wakae upande wa kushoto, na wasipumue kwa haraka.

Mzee Angwenyi ni mtu mzito. Ni mwenyekiti wa kamati, wa shule na wa chama cha maziwa, na kote huko kuna chai na mkate. Alipofika juu alikwenda moja kwa moja dirishani, upande wa kulia, kuona mpaka. Nguzo ya kwanza ya Ogari ikateleza. Ghorofa ikainama pole pole, kwa adabu, kama inayosalimia. Ngazi ikang'oka. Mzee akabaki dirishani, kichwa na mabega nje, akiwa ameshika kizingiti.

Ogari akaruka ua na kuweka bega lake ukutani. Nami nikaweka langu. Tulikuwa shavu kwa shavu, kama tulivyosukuma ng'ombe tukiwa wadogo. Mzee akaanza kuomba kwa sauti. Nikataka kumtuliza. Moyo wangu ulikuwa umejaa hofu, na maneno yakatoka yenyewe.

"Mzee, usiogope! Msingi ni mpana! Umeingia kwa Ogari futi nne!"

Hata moshi wa Gesare ulisimama.

Ogari hakutoa bega. Aligeuza jicho tu, karibu kabisa na jicho langu. Mama Bitutu, ambaye alikuwa ameketi mlangoni pake akimenya ndizi, ndiye aliyesema, "Ni kweli. Nimekaa humo. Ni pazuri."

Mwanawe akamuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema, "Nyinyi wawili mmegombana tangu mkinyonya. Nilitaka kuona mtafika kina gani."

Walimshusha mzee kwa blanketi letu la harusi. Tulipomwona yuko chini, Ogari na mimi tukaachia pamoja. Ghorofa ikalala juu ya migomba, taratibu, haikugusa nyumba ya Mama Bitutu. Imevunja mikungu ya Ogari, basi.

Alhamisi, 28 Machi

Uamuzi. Kipande si changu wala si cha Ogari. Ni njia ya watu wote kwenda mtoni, futi sita kutoka ukingo hadi ukingo, na yeyote asiweke kitu juu ya ardhi ya njia wala chini yake. Maneno hayo, "wala chini yake", mzee aliyasema akinitazama. Niondoe mbao, nijaze shimo, nimpe Ogari migomba mingine.

Ogari na mimi tumejaza shimo pamoja. Wakati wa kupumzika alinipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa ndizi. Sikujua nitazame wapi.

Gesare anasema sasa nina maji. Mtu yeyote anaweza kupita njiani na ndoo, hata mwenye miche ya chai. Anasema ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo. Wanawake hawaelewi umiliki.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimelala vizuri, kwa mara ya kwanza mwezi huu, nikaamka na akili safi.

Nimerudia maneno ya kamati moja moja. Hakuna kitu juu ya ardhi ya njia. Hakuna kitu chini yake. Sawa. Lakini hewani? Hewa ya njia hawakuitaja hata kidogo.

Nyumba itasimama ndani ya shamba langu, ukingoni kabisa mwa njia, kule chini karibu na kijito. Msingi wote kwangu, hakuna hata jiwe moja la wizi. Chini pembamba. Juu itajitokeza, ipite juu ya njia kama tawi, na kutoka dirishani nitashusha ndoo hadi maji yanapopita. Wanawake watapita chini yake bila kunyeshewa. Watanishukuru.

Machogu anasema kitu kilichojitokeza hivyo huanguka mbele. Nimemwambia hakianguki kikitiwa uzito nyuma. Tutajaza mawe ukuta wa nyuma. Amekwenda kufikiri.

Gesare ameuliza safari hii kitanda kitakaa wapi. Nimemwambia kitakaa nyuma, kwenye mawe, pale penye usalama zaidi. Amefurahi kwamba nimemfikiria. Ni kweli nimemfikiria. Amenizidi uzito, jambo ambalo siwezi kumwambia, naliandika hapa tu. Kila ninapokwenda dirishani na ndoo, yeye abaki amelala.