Mkono wa Kushoto wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Nimesikia kwa masikio yangu mawili. Nilikuwa nyuma ya pazia la ukumbi wa mazoezi nakunja waya wa gitaa langu la besi. Upande wa pili alikuwa Mkuu, kiongozi wa bendi yetu, anaongea na shemeji yangu. Shemeji ndiye mpiga kinanda wetu. Kaka wa mke wangu, tumbo moja. Mkuu akamwambia hoteli mpya inatupa kazi ya kila Jumamosi, ila jukwaa lake linatosha watu wanne. Sisi tuko watano. Halafu akamuuliza kama mkono wake wa kushoto unaweza kupiga besi hapohapo kwenye kinanda, wa kulia ukiendelea na shughuli zake.

Shemeji akajibu kwamba unaweza, lakini hapendi. 

Hapendi! Hakusema hawezi! Miaka kumi na moja napiga besi, leo nafasi yangu inataka kuliwa na mkono mmoja wa mtu. Tena wa kushoto. Jasho limenitoka hadi kwenye soksi. Mke wangu sijamwambia. Atamweleza kaka yake.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana! Kama kinanda kinaweza kupiga besi, basi besi nayo ipige kinanda. Fundi anayetengeneza vyombo vya muziki ana kidude kidogo kama kiberiti. Unakibandika kwenye gitaa, chini ya nyuzi. Kinasikiliza noti unayopiga, kinaituma kwa njia ya MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya umeme huambiana noti gani ilie, mpaka kwenye sinthesaiza, mashine inayotoa sauti za vyombo vingine. Unagusa besi, inalia fidla. Au filimbi. Au tarumbeta sita kwa mpigo.

Fundi ameniazima kidude na sinthesaiza mpaka Jumanne ijayo. Ameshauri nyuzi mbili nene niziache zibaki besi, maana noti nzito zinachelewa kutambulika. Zile nyembamba mbili ndizo zitume. Akanionya pia nisiziguse ovyo. Kidude hakijui kipi umekusudia na kipi kimekuponyoka. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kichwani nilikuwa na shemeji tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga moyo konde, nimemwendea Mkuu. Nimemwambia naweza kupiga besi na kinanda kwa pamoja. Nikaongeza kwamba namhurumia shemeji, mgongo unamsumbua sana siku hizi. Uongo mtupu. Mgongo wake mzima kuliko wangu.

Mkuu amekubali. Jumamosi ni ufunguzi, meneja wa hoteli atakuwepo. Nikiweza, nafasi ya nne ni yangu na shemeji ndiye atakayebaki nje. Nikishindwa, nimejitoa mwenyewe.

 Sijawahi hata kukiwasha hicho kidude!

Jioni shemeji kaja nyumbani. Kaambiwa na Mkuu apumzishe mgongo, mimi nina mashine. Dada yake akaanza kumpapasa, pole kaka, umeumia lini. Shemeji akanitazama mimi. Hakukana. Akasema tu kwamba mashine hizo zina ukaidi wake, nikikwama nimwite. Kikombe kimegonga kisahani mkononi mwangu mara tatu. Anataka nini mtu huyu?

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nimewasha. Nimechagua fidla. Nikashika gitaa, hata sijapiga noti, spika ikaanza kulia yenyewe. Fififififi. Nikakagua waya. Nikazima, nikawasha. Fififififi.

Mke wangu akachungulia, akauliza ndege kaingilia wapi.

Ndipo nikaelewa. Ni mikono yangu! Inatetemeka, vidole vinasugua nyuzi, na kidude kinatuma kila kitu. Nikaogopa zaidi. Kikalia zaidi. Miaka yote hii naficha woga wangu, sasa nimeuunganisha na spika mwenyewe.



Ijumaa, 7 Machi

Nimechomeka sponji la vyombo chini ya nyuzi. Kimya kabisa! Nimefurahi kwa dakika mbili. Nilipopiga noti za kweli, kimya vilevile. Nimelitoa. Fififi.

Nimejaribu kukaa juu ya mikono kabla ya kupiga. Nimejaribu maji ya moto. Nimejaribu kumwaza mtu mwingine asiye shemeji, nikamkumbuka Mkuu, ikawa mbaya zaidi. Mke wangu anatafuta sponji lake. Amesema niende kwa kaka yake nimwombe anisaidie, kwani kuna ubaya gani. Nikamwambia haya mambo ni ya kiufundi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa chooni hotelini. Sitaki kuonana na mtu.

Nilipanga kuanza na tarumbeta, kwa sababu fidla zilishanizoea. Tulipanda jukwaani wanne. Kwanza meneja akahutubia. Nikaweka mikono mfukoni. Nilikuwa salama. Halafu akaomba watu wote wasimame kimya dakika moja kumkumbuka marehemu baba yake, aliyewaachia kiwanja cha hoteli. Mkuu akanitolea jicho nitoe mikono mfukoni, ni utovu wa adabu. Nikaitoa. Ikaenda wapi? Kwenye gitaa, ilikozoea.

Tarumbeta sita. Prururururu!

Mjane wa marehemu akashika kifua. Nikaushika mkono mmoja kwa mwingine. Ikawa mbaya mara mbili. Siku zangu zote nikaziona zimefikia mwisho mbele ya vitambaa vyeupe vya meza. Sikukumbuka hata kitufe cha kuzima kiko wapi.

Mtu akapanda jukwaani. Shemeji. Akashusha sauti ya sinthesaiza kwa kidole kimoja, akachomoa waya wa kidude, akanishika bega.

"Piga besi tu, shemeji. Mimi nipo hapa chini."

Kumbe kinanda chake alikuja nacho kwenye gari! Akakifunga sakafuni, kando ya jukwaa, katikati ya wageni, karibu na meza ya meneja, akapiga amesimama hapo usiku mzima. Mikono yote miwili kwenye noti za juu. Besi hakuigusa hata mara moja. Watu walicheza. Na mimi nilipiga vizuri, lazima niseme. Mikono ilitulia wimbo wa pili, sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu aliniita. Nilikwenda nimeshaaga gitaa moyoni. Akasema alishanifukuza tangu Jumamosi ileile, kabla hata ya kufungasha vyombo. Shemeji ndiye aliyekataa. Kamwambia nikitoka mimi naye anatoka, na kwamba yeye atapiga chini ya jukwaa kila wiki, haoni tabu. Habari za mgongo hakuzigusa.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu akauliza kama nimemshukuru kaka yake. Akasema ananipenda yule, tangu siku ya kwanza, sema mimi sioni.

Nimeketi nimefikiria sana. Mtu mwenye mkono wa kushoto kama ule, ambaye angeweza kunimaliza Jumatatu iliyopita kwa neno moja, ananitetea kwa nini? Jibu ni moja tu. Shemeji ananiogopa. Ameona kile kidude kinavyoweza kufanya kazi, akajua nikikipatia amekwisha, ndiyo maana anajipendekeza mapema. Pale chini karibu na meza ya meneja hakukwenda kwa wema. Anamsogelea meneja.

Mikono imeanza tena. Nimempigia simu fundi, nimemwomba aniachie mashine wiki moja zaidi. Sitaki kumfanyia shemeji ubaya wowote. Ila nikimwacha aanze yeye, nimekwisha.